Kuzindua Tovuti Si Kumaliza Kazi

Mwananchi anayehitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, au anayetaka kujua siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, siku hizi haanzi safari yake mlangoni pa ofisi. Anaanza kwenye simu yake ya mkononi. Huandika maneno matatu au manne katika mtambo wa kutafutia habari, aghalabu ule wa Google, kisha hufungua jibu la kwanza au la pili. La kumi halifungui. Kwa hiyo ofisi ya umma ambayo ukurasa wake umefukiwa chini ya kurasa za watu wengine ni sawa na ofisi iliyofungwa, hata kama watumishi wake wote wamo ndani wakichapa kazi.

Jambo hili halijapewa uzito linaostahili. Serikali imefanya juhudi kubwa ya kuziingiza shughuli zake katika mtandao. Wakala wa Serikali Mtandao ulianza kazi mwaka 2012, na kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ukageuzwa kuwa Mamlaka yenye nguvu zaidi. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa kwa pamoja mjini Dodoma. Hatua hizo zinastahili pongezi. Lakini pamoja na mafanikio hayo, imejengeka katika ofisi nyingi tabia ya kuihesabu tovuti kama jiwe la msingi: pazia likishafunuliwa, hotuba zikishatolewa na picha zikishapigwa, kila mtu hurejea kwenye shughuli zake. Matokeo yake yanaonekana wazi. Zipo tovuti za umma ambazo habari yake mpya kabisa ni ya miaka kadhaa iliyopita, ambazo salamu za ukaribisho zimetiwa saini na mkuu aliyekwisha kuhamishwa, na ambazo mtu akibonyeza maneno "Huduma Zetu" anakutana na ukurasa mtupu. Waswahili wa mitaani wanalo jina la juhudi za namna hiyo: nguvu ya soda.

Ili ifahamike kwa nini kazi hii haina siku ya kumalizika, yafaa kwanza kueleza jinsi mitambo ya utafutaji inavyofanya kazi. Mtambo hauipekui dunia nzima kila mtu anapouliza swali. Unazo programu, ambazo wataalamu wamezibandika jina la buibui, zinazotembea usiku na mchana kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, zikinakili zinachokikuta na kukihifadhi katika faharasa kubwa mno, mfano wa ile inayowekwa mwishoni mwa kitabu. Mwananchi anapouliza, kinachosomwa ni faharasa hiyo, na kurasa zinazohusika hupangwa kwa daraja. Larry Page na Sergey Brin, walioanza kuubuni mtambo wa Google wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford na kuunda kampuni yao mwaka 1998, walikuja na wazo kwamba kiungo kinachotoka tovuti moja kwenda nyingine kihesabiwe kuwa ni pendekezo, na pendekezo la tovuti inayoheshimika liwe na uzito kuliko la tovuti isiyojulikana. Tangu wakati huo vigezo vingine vingi vimeongezwa juu ya hicho.

Kinachosahauliwa na wengi ni kwamba buibui hao hurudi. Wakiikuta tovuti hai, hurudi mapema. Wakiikuta haibadiliki, hupunguza safari zao. Aidha, kanuni zenyewe za kupanga daraja hubadilishwa mara kwa mara. Mwaka 2011 Google ilizishusha kurasa nyingi zilizoandikwa ovyo kwa lengo la kuvuta watu tu. Mwaka 2012 ikawageukia waliokuwa wakijipandisha kwa viungo vya hila. Mwezi Aprili 2015 ikaanza kuzipa nafuu kurasa zinazosomeka vizuri katika simu, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa imekamilisha mpango wa kuzipima tovuti kwa kuangalia kwanza sura zake za kwenye simu, si za kwenye kompyuta ya mezani. Ofisi iliyojenga tovuti nzuri mwaka 2010 kisha ikakaa kitako, ilijikuta imeshuka daraja bila ya kutenda kosa lolote isipokuwa hilo la kukaa kitako.

Mbali na kanuni, dunia nayo haisimami. Ada hubadilika, fomu hubadilika, mitaala hubadilika. Utekelezaji wa mitaala mipya ya elimu ulianza Januari 2024 kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023; lakini maelezo ya mihtasari ya zamani hayakujifuta yenyewe katika mtandao. Mwalimu kijana anayetafuta maelekezo ya somo lake hukutana na ya zamani na mapya yakiwa yamechanganyika, na pale ambapo hakuna aliyeandika tarehe juu ya ukurasa, hana njia ya kuyatenganisha.

Katika biashara, kazi ya kuifanya tovuti ionekane katika utafutaji inajulikana kwa herufi tatu, SEO, na imezaa kundi kubwa la watu wanaoiuza kama dawa. Wapo wanaoahidi kumfikisha mteja nafasi ya kwanza katika mwezi mmoja. Maofisa wanaopelekewa barua za namna hiyo wangefanya vema kukumbuka kwamba Google yenyewe imekwisha kutamka kuwa hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza, na kwamba katika hali nyingi huchukua kati ya miezi minne na mwaka mzima kuyafanya marekebisho na kuanza kuona faida yake. Waliojaribu njia ya mkato walilipa. Mwezi Februari 2006 tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa katika faharasa ya Google kwa siku kadhaa, baada ya kugundulika kwamba ilikuwa na kurasa za bandia zilizojazwa maneno ili kuidanganya mitambo. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maduka ya JCPenney ya Marekani yalikuwa yameshika nafasi za kwanza katika utafutaji wa bidhaa nyingi, yakibebwa na maelfu ya viungo vilivyopandikizwa katika tovuti zisizohusika hata kidogo na nguo wala matandiko. Google ikayashusha mara moja. Kama kampuni tajiri kiasi hicho hazikuweza kununua nafasi ya kudumu, halmashauri ya wilaya haina sababu ya kupoteza fedha za wananchi katika bahati nasibu hiyo.

Lililo kubwa zaidi kwa ofisi za umma, na ambalo halihitaji fedha, ni lugha. Ofisi huandika kwa lugha ya majalada. Mwananchi hutafuta kwa lugha ya nyumbani kwake. Ukurasa ukipewa kichwa "Utaratibu wa Usajili wa Vizazi" na usiseme zaidi ya hapo, humpita mzazi aliyeandika "jinsi ya kupata cheti cha kuzaliwa". Sheria na miongozo huzungumzia pikipiki za kubeba abiria kwa malipo. Dereva mwenyewe, abiria wake na askari wa usalama barabarani wanaijua bodaboda. Nyaraka husema wafanyabiashara wadogo. Mitaani wanaitwa wamachinga, na wao wenyewe hujiita hivyo. Kitambulisho cha Taifa kinaitwa "cha NIDA", na namba ya mlipakodi inaitwa TIN hata na wale wasiojua herufi hizo zinasimama badala ya nini. Hakuna anayetaka lugha rasmi itupwe. Kinachotakiwa ni kwamba jina rasmi na jina la watu yakae katika ukurasa mmoja, katika kichwa na katika sentensi ya kwanza, ili kila mmoja apate mlango wake. Wataalamu wa Kiswahili wanaofanya kazi serikalini wangeweza kuifanya kazi hii kwa ufasaha kuliko fundi yeyote wa kompyuta.

Kazi hiyo pia haifanyiki mara moja ikaachwa. Maneno ya watu hubadilika, na chombo cha kuyafuatilia kipo. Google hutoa bila ya malipo chombo kiitwacho Search Console, kinachomwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani waliyoandika watu hata wakaonyeshwa kurasa zake, ni wangapi walizifungua, na ni kurasa zipi ambazo buibui wameshindwa kuzisoma. Kumbukumbu hizo huhifadhiwa kwa miezi 16 tu. Ofisi isiyofungua chombo hicho hata mara moja kwa mwaka inayapoteza maswali ya wananchi wake. Na hayo ni maswali ambayo, kama yangeletwa kwa barua, yangetiwa mhuri wa "Imepokelewa" na kufunguliwa jalada.

Kuhusu lugha liko jambo jingine ambalo ni la aibu kidogo. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na siku hiyo sasa huadhimishwa kwa makongamano na ngonjera. Ni haki yake. Lakini katika baadhi ya tovuti za umma sehemu ya Kiingereza ina maelezo kamili, na ile ya Kiswahili ina vichwa vitupu. Mkulima anayeuliza kwa Kiswahili juu ya ruzuku ya mbolea anajibiwa na ukurasa wa mtu binafsi, kwa sababu ule wa ofisi inayohusika ulioandikwa kwa Kiingereza haukuhesabiwa kuwa unalijibu swali lake. Mtambo hauna hatia hapo. Umefanya ulichoelezwa kufanya: kulinganisha maneno ya muulizaji na maneno yaliyopo.

Sasa itazamwe desturi iliyoenea ya kutoa matangazo kwa picha. Barua hupigwa chapa, hutiwa saini na mhuri, hupigwa picha, kisha hurushwa katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram. Kwa siku mbili tangazo huzagaa nchi nzima. Siku ya tatu limekwisha zikwa na vichekesho na salamu za rambirambi, na anayelihitaji baada ya mwezi hana pa kulipata. Buibui hawaingii katika makundi ya WhatsApp. Hata tangazo lilelile likiwekwa katika tovuti kama picha ya karatasi iliyopinda, husomwa kwa shida na mtambo, hufunguka polepole katika simu ya mwananchi, na asiyeona hawezi kusomewa na simu yake. Maandishi yaleyale, yakiandikwa kama maandishi ndani ya ukurasa wenye kichwa, tarehe na anwani ya kudumu, yangekuwa yanamhudumia mtu mwaka mzima. Kibaya zaidi ni kwamba walimu, ambao ndio waandishi hodari wa maelezo ya masomo kwa Kiswahili, wamezika kazi zao nyingi katika makundi hayohayo. Maelezo ya ngeli za nomino yaliyoandaliwa kwa uangalifu na mwalimu mmoja huwafaa wanafunzi wa darasa lake. Yangewekwa mahali panapoonekana, kwa mfano katika tovuti ya shule, yangemfaa mtahiniwa wa Kigoma, wa Mombasa na wa Bujumbura.

Nafasi inayoachwa wazi na ofisi za umma haibaki wazi. Kila matokeo ya mitihani ya Taifa yanapokaribia kutangazwa, hujitokeza kurasa nyingi za watu binafsi zenye vichwa vya matokeo, nyingine zikiwa hazina matokeo yoyote isipokuwa matangazo ya biashara. Ndivyo ilivyo kwa nafasi za kazi serikalini. Zipo kurasa zinazomtaka kijana aliyemaliza chuo atume fedha ili jina lake "lishughulikiwe". Mijini vishoka walikuwa wakikaa nje ya ofisi. Sasa wanakaa katika jibu la kwanza la utafutaji. Wanaonekana kwa sababu wanafanya kazi kila siku: wanaandika upya, wanapanga vichwa kwa maneno ambayo watu wanayatumia, wanaondoa ya mwaka jana na kuweka ya mwaka huu. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika shughuli hii kishoka ana nidhamu ya kazi kumshinda mtumishi wa umma.

Hatari hiyo imeongezeka. Tangu mwaka 2024 Google imekuwa ikitoa, juu ya orodha ya kurasa, jibu lililotungwa na mashine kutokana na yaliyoandikwa katika kurasa mbalimbali, na programu nyingine za akili bandia hufanya vivyo hivyo. Mwananchi hapewi tena orodha achague. Anapewa jibu. Ikiwa ukurasa wa ofisi ni mkongwe au haueleweki, mashine itatunga jibu kutokana na ukurasa wa mwingine, na mwananchi hatajua tofauti hadi atakapofika kaunta akiwa na ada pungufu.

Wapo watakaohoji kwa nini watumishi wa umma wa nchi huru wajisumbue kuiridhisha kampuni ya Kimarekani. Hoja hiyo si ya kubezwa. Mwezi Agosti 2024 mahakama ya shirikisho nchini Marekani kwenyewe iliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Ni kweli kabisa kwamba mlango wa maarifa ya mataifa mengi umeshikwa na mkono mmoja, na wanaopigania uhuru wa kiuchumi hawana budi kulikumbuka hilo. Lakini mwananchi amekwisha simama katika mlango huo, na ndiko ofisi inakopaswa kumfuata. Isitoshe, sehemu kubwa ya kazi inayozungumzwa hapa humnufaisha msomaji hata kama Google ingetoweka kesho: kichwa kinachoeleweka, tarehe iliyo wazi, ukurasa mwepesi, anwani isiyobadilika, lugha ya msomaji.

Nguvu ya viungo nayo inapatikana hapa nchini bila ya kununuliwa. Wizara, mikoa, halmashauri, vyuo na shule zinazo tovuti maelfu kwa pamoja, na kila moja ingeweza kumwelekeza msomaji wake kwenye ukurasa hasa wa huduma ya mwenzake, badala ya kunakili nusu ya maelezo na kuyaacha yachakae. Halmashauri inayozungumzia vyeti vya kuzaliwa iweke kiungo cha ukurasa wa RITA. Shule inayozungumzia vitabu iweke kiungo cha maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Huo ni ushirikiano wa kawaida, na mitambo huuhesabu kuwa ushahidi kwamba kurasa hizo zinaaminiwa na wanaojua.

Makosa yanayoumiza kuliko yote hufanyika siku tovuti inapojengwa upya. Mkandarasi huleta sura mpya yenye kupendeza, anwani za kurasa zote hubadilishwa, na kila kiungo kilichowahi kuwekwa na gazeti, chuo au mwananchi kinaelekea kwenye ukurasa usiokuwapo. Heshima iliyokusanywa kwa miaka kumi hupotea usiku mmoja. Tim Berners-Lee, aliyevumbua mfumo wa kurasa za mtandao, aliandika mapema mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Inapolazimu kubadilishwa, anwani ya zamani huwekewa maelekezo ya kumpeleka msomaji kwenye mpya, na Google inashauri maelekezo hayo yadumishwe kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo, angalau mwaka mmoja. Taifa hili linajua vizuri maana ya kuhama. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukatekelezwa kwa kasi mpya kuanzia mwaka 2016, na ofisi inayohama hutarajiwa kuacha kibao cha kueleza ilikokwenda. Katika tovuti vibao hivyo mara nyingi havikuachwa.

Mfano wa kazi ya muda mrefu iliyofanywa vizuri upo, na wazee wengi waliishiriki. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ingekuwa ni kampeni ya mwaka huo tu, ingekufa nao. Yakafuata madarasa ya kisomo, vipindi vya redio vya "Mtu ni Afya" mwaka 1973, magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji, kwa kuwa ilifahamika kwamba mtu mzima aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma husahau. Walioiendesha kazi hiyo hawakuwa mafundi. Walikuwa walimu na watumishi wa kawaida wenye ratiba.

Na ratiba ndiyo inayokosekana sasa. Tovuti nyingi hutegemea hisani ya ofisa habari mmoja au ofisa TEHAMA mmoja, ambaye kazi hiyo haimo katika malengo anayopimwa nayo. Gari la ofisi lina fungu la matengenezo, lina kitabu cha safari na lina siku ya kupelekwa gereji. Tovuti inayohudumia watu wengi kuliko gari hilo haina hata kimoja kati ya hivyo. Saa mbili kwa juma za mtumishi aliyetajwa kwa cheo zingetosha kwa halmashauri ya kawaida: kusoma maswali ya wananchi, kurekebisha ukurasa mmoja, kufuta tangazo lililopitwa na wakati, kuandika tarehe. Ukurasa wa ada na ule wa fomu upitiwe kila Julai, mwaka wa fedha unapoanza, kabla wananchi hawajaanza kurudishwa kaunta. Na ofisa huyo anapohamishwa kituo, asiruhusiwe kufungasha mizigo kabla hajaandika hati ya makabidhiano yenye nywila zote, orodha ya kurasa na tarehe kila mmoja ulipopitiwa mara ya mwisho, ikatiwa saini na anayepokea mbele ya mkuu wa idara.